Muhula Walipokuja Kuhesabu Watoto

Jumapili, 4 Januari

Nimemaliza tai ya thelathini na nne, na vidole vyangu havisikii sindano tena. Zote ni za ile akademi yenye basi la njano. Kesho shule zinafunguliwa, kwa hiyo leo ndiyo siku kila mama wa mtaa wetu wa Wabera amekumbuka kwamba mtoto wake hana sare.

Lokol amepiga simu kutoka Korbesa. Ndiye anayeendesha mashine ya kisima cha huko, na kiangazi kikiwa hivi hapati ruhusa ya kuja nyumbani. Aliuliza kama nimeamua. Nikasema tuamue pamoja, akasema, "Mimi niliamua kitambo. Peleka kijana akademi. Akikaa na watoto wanaongea, ataongea."

Ekitela wetu ana miaka minne na nusu na hajawahi kusema neno. Kwenye kituo cha tathmini walituambia ni usonji. Mwaka jana wote alikuwa kwa Mwalimu Hamdia, katika darasa dogo la mahitaji maalum lililo ubavuni mwa chekechea ya serikali, na kwa kweli alikuwa anaendelea, polepole. Lakini nimechoka. Nimechoka kuulizwa sokoni kama bado nampeleka "kwa wale wagonjwa". Na huu ni mwaka wa tano nashonea watoto wa watu tai huku nikitamani moja itoke kibandani iende nyumbani kwangu. Nimekata kitambaa cha tai ya thelathini na tano.

Jumanne, 6 Januari

Leo kijana wangu amefanyiwa usaili, kama anayetafuta kazi benki. Madam Kanana, mwenye akademi, alimwomba aonyeshe rangi nyekundu. Ekitela akachukua kifuniko cha kalamu yake na kukizungusha mezani mpaka mama wa watu akacheka. "Ni mtundu tu. Tutamnyoosha."

Niliuliza kama kutakuwa na msaidizi wa kukaa naye, kama kule kwa Hamdia. "Mama Ekitela, hapa hatubagui," akasema. "Watoto wote ni sawa."

Nilitoka pale nimefurahi. Sasa ni jioni, na nikilifikiria lile jibu naona hakunijibu.

Jumatano, 7 Januari

Mama mkwe amemwona Ekitela na tai. Akasema, "Mgeni amependeza."

Ndivyo anavyomwita, mgeni. Yeye mwenyewe Akolong ndiye aliyempa mtoto jina la Ekitela, jina la kaka yake aliyemlea, na alimwimbia kwa jina hilo miezi yote ya kwanza. Halafu mtoto akawa haitiki. Siku moja mama akaacha. Nilipomuuliza alisema jina likiitwa sana bila kujibiwa linachoka, wacha lipumzike. Hata mimi haniiti Mama Ekitela kama majirani. Ananiita Gatwiri, kama vile sijazaa.

Nikaenda kuwasha jiko. Tunaishi nyumba moja, na mdomo wangu naujua.

Jumanne, 13 Januari

Jua. Vumbi. Suruali kumi na moja.

Ijumaa, 16 Januari

Nilipeleka sweta za akademi saa nne badala ya jioni. Kulikuwa na wageni wanaoonyeshwa shule, wazazi wenye magari, na Madam Kanana akiwatembeza. Nikachungulia darasani nimwone wangu. Hakuwepo. Nikamuuliza mwalimu, akanielekeza jikoni.

Nilimkuta stoo ya jikoni, kati ya magunia ya mahindi, mpishi akimchunga huku anachagua maharagwe. Alikuwa amejiuma mkono mpaka umevimba. Ile tabia ya kujiuma tulikuwa tumeisahau tangu Agosti. Mpishi akaniambia, "Mama, usikasirike. Huyu analetwa huku kila siku. Akipiga kelele anasumbua wengine." Alisema kwa upole, na ndiyo sababu nilishindwa kumkasirikia.

Madam Kanana nilimkasirikia vya kutosha, mbele ya wageni wake. Alisema wangemrudisha darasani wageni wakishaondoka. Nilimvua mtoto tai hapo hapo nikaitia mfukoni mwangu. Tukapanda boda mpaka nyumbani.

Kosa ni langu pia. Nilitaka tai.

Jumatatu, 19 Januari

Tumerudi kwa Hamdia. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, lakini alitokea mlangoni, akamwona Ekitela, akasema, "Aa, umekuja. Kikombe chako kiko pale pale." Ekitela akaenda moja kwa moja kwenye kikombe. Mimi nikakaa kwenye kile kibenchi cha watoto nikalia kidogo, na Atabo, msaidizi wa darasa, akajifanya anafagia.

Halafu Hamdia akanipa habari mbaya. Kaunti inapanga walimu upya. Darasa la mahitaji maalum litabaki na mwalimu na msaidizi wake tu kama watoto hawapungui kumi na wawili. Wakipungua, Hamdia anahamishwa, Atabo anaachishwa, na watoto wanagawanywa kwenye madarasa ya kawaida. Vijana wa kaunti watapita nyumba kwa nyumba kuwaandika.

"Mimi nina kumi na wanne," akasema. "Usiwe na wasiwasi."

Basi sina.

Ijumaa, 23 Januari

Nimetoka kibandani nimekuta vikombe vya wageni kwenye karai. Mama mkwe anasema vijana wawili wenye simu walipita, wakanywa chai, wakaenda. Nikamuuliza kama wameandika mtoto. "Tumeongea vizuri," akasema, na akaenda nyuma kufungia mbuzi zake.

Anafuga mbuzi uani, na ukimuuliza ni wangapi hakwambii. Jioni anasimama kwenye mlango wa zizi, wanapita mbele yake mmoja mmoja, kisha anasema wamelala wote. Mimi ni wa Meru na ni fundi. Nahesabu vifungo, nahesabu viazi. Siku za kwanza za ndoa nilimhesabia mbuzi zake kwa sauti, nikidhani ninamsaidia. Hakuniongelesha mpaka Jumapili.

Jumapili, 1 Februari

Kanisani wameombea mvua. Bado.

Jumanne, 10 Februari

Nitaandika yote, maana nisipoandika nitaenda kumwambia mtu.

Hamdia aliniita shule saa sita. Matokeo ya wale vijana yamekuja. Mtaa mzima, watoto wanne. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Ekitela, mbona hata wako hayumo?" Nikamwambia haiwezekani, walikuja, walikunywa chai yetu. Akasema nyumba yetu imeandikwa kwamba hakuna mtoto wa kuandikishwa.

Nilitembea mpaka nyumbani na jua la utosi. Mama mkwe alikuwa kivulini anasuka kamba. Nikamuuliza aliwaambia nini wale vijana.

"Niliwaambia hapa watoto wametosha, Mungu ashukuriwe."

"Mama, walitaka kujua kama kuna mtoto mwenye shida."

"Walitaka kuhesabu." Hakuacha kamba. "Walianza kuhesabu kwa kidole. Kwa mama Shuriye, kwa nyanya ya Awale, kwenye nyumba zote za watoto kama huyu, walikuwa wanaenda huko na kidole. Nikatuma neno mbele yao. Kila mtu akajua ya kusema."

Hapo ndipo nilipoelewa. Si nyumba yetu tu. Vijana wakinywa chai, mama mkwe alikuwa amewazunguka kwa mlango wa nyuma, na bibi wote wa Wabera, Waturkana kwa Waborana kwa Wasomali, ambao siku nyingine wanagombania foleni ya maji, siku hiyo walikuwa kitu kimoja. Waliwaficha wale watoto jikoni, kwa majirani, chooni. Wote wakasema wametosha.

Nilisema maneno. Nilimwambia ameua darasa la mjukuu wake mwenyewe. Nilimwambia anamwita mgeni kwa sababu anangoja aende zake, na sasa amempatia njia. Nilimwambia mtoto si mbuzi.

"Ndiyo," akasema. "Mbuzi inahesabiwa siku ya kuuzwa."

Nikaingia ndani. Ekitela alikuwa amelala chini akizungusha kifuniko cha sufuria, na mkono ule ulikuwa unaanza kupona. Hasira yangu yote ikaisha nikabaki na uchovu peke yake, ambao ni mbaya zaidi kwa sababu hauna pa kwenda.

Jumatano, 11 Februari

Hatuongei. Tunapitishiana chumvi.

Jumapili, 15 Februari

Lokol kwenye simu: "Mama ni mzee, mwache." Nikamuuliza na mimi nani ataniacha. Mtandao ukakatika, au aliukata.

Alhamisi, 19 Februari

Mwezi wa Ramadhani umeanza. Hamdia anafundisha watoto hawa kwenye joto hili bila hata maji mdomoni, halafu mchana anakwenda ofisi ya kaunti kuomba. Leo amefanikiwa. Afisa wa elimu, Bwana Bedan Mutwiri, amekubali kuja mwenyewe tarehe ishirini na sita Machi, kabla ya kufunga muhula. Atakaowaona kwa macho yake wameingia darasani ndio atakaowaandika. Baada ya hapo asisumbuliwe tena.

Hamdia anasema wazazi wameogopa. Tangu wale vijana wapite, watoto wengi hawaji. Leo walikuwa sita.

Jumapili, 22 Februari

Leo mama mkwe ameongea. Nilikuwa nachambua mchele, yeye akaja akakaa, akaanza kama mtu anayeendelea na hadithi aliyoikatiza jana.

Mwaka wa njaa walikwenda kambi ya chakula. Lokol alikuwa bado mgongoni. "Walipanga watoto mstari. Kila mmoja wakamfunga uzi mkononi. Kijana wa kalamu anapita, anagusa kichwa, anasema namba. Anagusa, anasema namba. Watoto walicheka, walidhani ni mchezo. Tukapewa unga. Kisha surua ikaja." Akachukua kokoto kutoka kwenye mchele wangu, akaitupa. "Nilirudi na Lokol na dada yake."

Hakusema waliobaki kule walikuwa wangapi. Sikumuuliza. Najua surua haiji kwa kuhesabiwa, nami nilitaka kusema hivyo, na nashukuru sikusema. Nikamwambia, "Pole, mama." Nafikiri ni mara ya kwanza tangu niolewe kumwambia pole nikiwa namaanisha.

Lakini tarehe ishirini na sita iko pale pale.

Jumanne, 3 Machi

Familia ya jirani yetu Adan imehama na mifugo kuelekea Merti. Sare mbili zimerudishwa. Ekitela amelia tangu saa tisa mpaka jioni na sijui ni kwa nini.

Jumatatu, 9 Machi

Hamdia amewapa watoto wasiosema kadi zenye picha. Kila kadi ina kamba fupi ya kuning'inizwa kiunoni: kikombe, choo, chakula, inauma. Kwa mwaka mzima Ekitela alizitafuna. Wiki iliyopita Atabo aliniambia kwamba darasani ameanza kutoa ile ya kikombe akitaka maji, badala ya kujiuma. Nikasema vizuri, kwa jinsi mtu anavyosema vizuri akiwa amechoka. Nyumbani sikuwa nimeona lolote.

Leo nilikuwa kwenye cherehani mlangoni. Mama mkwe alikuwa uani. Ekitela akatoka ndani akampita, akarudi, akasimama. Akatoa kadi ya kikombe kiunoni akaiweka kwenye paja la nyanya yake. Hakumtazama. Alitazama ukuta.

Mama akaigeuza kadi, akainuka kwa shida, akaenda kwenye mtungi akaleta maji. Mtoto akanywa yote. Akachukua kadi yake akaondoka.

Nilikuwa nimeacha kukanyaga cherehani bila kujua. Mama akasimama na kikombe kitupu mkononi. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Mgeni haombi maji. Mgeni anangoja apewe." Halafu akauliza, "Hiyo kitu alifundishwa na nani?"

"Na Mwalimu Hamdia. Kwenye lile darasa."

Akaenda kuwafungia mbuzi mapema.

Jumamosi, 14 Machi

Mama mkwe ameshinda nje tangu asubuhi na fimbo yake. Jirani anasema amemwona kwa mama Shuriye, kisha kwa nyanya ya Awale, kisha amepanda boda, yeye anayesema boda ni za wanaokimbia polisi. Amerudi na miguu imevimba. Nimemletea maji ya moto na chumvi.

"Huyo mkubwa wa kaunti," akaniuliza, "anaweza kuhesabu akifunga mdomo?"

Nikasema nitauliza.

"Na asinyooshe kidole. Asiguse kichwa. Akae nyuma. Mimi nitasimama kwenye mlango."

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Hamdia ametuletea pilau. Bwana Bedan amekubali kufunga mdomo. Anasema hata kwao cucu, yaani nyanya yake, alikuwa akiwapiga wakijihesabu kwenye moto.

Jumapili, 22 Machi

Mvua. Imepiga mabati mpaka mahubiri hayakusikika, na hakuna aliyelalamika. Sasa nina woga mwingine: matope, na wazazi watakaosema mtoto hawezi kutoka.

Alhamisi, 26 Machi

Imenyesha tangu alfajiri. Saa mbili kasoro tulikuwa shuleni, mama mkwe akiwa na shuka jekundu na shanga zake zote, ambazo huzivaa harusini. Akasimama kando ya lango dogo la darasa, mkono juu ya nguzo, kama anavyosimama kwenye zizi. Bwana Bedan alikaa ndani karibu na dirisha na karatasi yake magotini. Niliona amebana midomo kweli kweli, na kama nisingekuwa na woga ningecheka.

Saa mbili hakuna aliyekuja. Saa mbili na nusu hakuna. Hamdia alikuwa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Halafu mama Shuriye akatokea kwenye kona amembeba mjukuu wake Natabo mgongoni chini ya nailoni, miguu ya mtoto ikining'inia. Mama mkwe akamtazama mtoto usoni. "Natabo," akasema. Natabo akaingia.

Wakaja. Awale kwenye kiti chake cha magurudumu, kaka zake wakikiinua juu ya matope. "Awale." Kaltuma asiyesikia, akimshika nyanya yake kidole. "Kaltuma." Halkano. Makena. Lochoro, aliyefichwa chooni Januari, sasa amevaa viatu vipya. Mama mkwe hakuharakisha hata mmoja. Kila uso aliutazama, kila jina akalitaja kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejua ni nani anarudi nyumbani. Na wale bibi, baada ya watoto kuingia, hawakuondoka. Walisimama kwenye mvua wakisikiliza majina.

Nilianza kuhesabu kichwani, maana ndiyo tabia yangu. Nilifika mahali fulani nikaona mama anavyoibana nguzo kwa mkono, nikaacha.

Kisha likatokea pengo. Njia ikabaki na maji tu. Hamdia akaja mlangoni akanitazama, na macho yake yakaniambia bado kidogo. Nyuma yangu Ekitela alikuwa amekaa chini kwenye matope, mikono masikioni. Mvua kwenye mabati inamuumiza. Nilijaribu kumwinua akajilegeza. Nikajaribu tena akaanza kupiga kelele ile ya stoo ya jikoni. Ndani nilimwona Bwana Bedan akifunika kalamu yake.

Mama mkwe hakutoka langoni. Aligeuka tu.

"Ekitela," akasema.

Nilijua sauti hiyo. Nilikuwa sijaisikia miaka mitatu. Mtoto hakugeuka. Nikafikiri, sasa litachoka tena, mbele ya watu wote hawa.

"Ekitela." Akangoja. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye shanga. "Ekitela wa Lokol, njoo ndani. Wenzako wamefika."

Akatoa mkono mmoja sikioni. Akainuka, suruali nzima matope, akapita kati yangu na nyanya yake bila kututazama, akiburuza vidole ukutani kama afanyavyo siku zote, akaenda kwenye kikombe chake.

Mama akafunga lango. "Wametimia," akasema.

Bwana Bedan akaandika. Akamwambia Hamdia darasa linabaki, yeye na Atabo pia, na mwakani atakuja tena kuangalia. Hamdia akasema sawa, na akaketi kwenye kibenchi kile kile nilichokalia mimi nikilia Januari. Hakuna aliyepiga vigelegele. Tulikuwa tumelowa.

Ijumaa, 27 Machi

Nimelala mpaka saa tatu. Mama ameniamsha na chai. "Mama Ekitela," akasema, "inapoa."

Alhamisi, 2 Aprili

Shule zimefungwa. Muhula ujao Madam Kanana anataka tai arobaini. Nitamshonea. Ile yetu nimemfungia mbuzi mdogo wa mama shingoni, na hajaniuliza sababu.

Mwakani watakuja tena. Najua. Leo sitaki kulifikiria.

Lokol amepiga simu jioni. Kisima kimepumzika, mvua imefika mpaka huko, anakuja wiki ijayo. Nilimsimulia kila kitu, lango, shanga za mama yake, jina. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kujishikilia, "Kwani walifika watoto wangapi?"

Mama alikuwa karibu nami anamfuta Ekitela uji. Akasimamisha mkono.

Nikamwambia walitosha.